Jini wa Uzi na Mlango wa Mwana Raya

Wamesimulia waliotutangulia, na mimi nasimulia kama nilivyopokea, nikipunguza pale tu ambapo uongo umezidi kipimo, ya kwamba katika mji wa Marijani alitawala sultani aitwaye Ghalibu bin Sarahani, naye alikuwa mtu wa haki mwenye hasira za karibu, mwenye majumba na mashamba na farasi, na Mwenyezi Mungu hakumruzuku mtoto ila binti mmoja, jina lake Mwana Raya. Na mji ule ulijengwa wote kwa mawe na kupakwa chokaa nyeupe, na kila nyumba ilikuwa na mlango wa mbao nyeusi uliochongwa nakshi, na watu wake walishika ada moja ambayo wageni waliicheka, nayo ni kwamba mlango ulitangulia nyumba. Mtu akitaka kujenga, kwanza husimamisha mlango katika kiwanja kitupu, akausomea dua na kuufukizia ubani, kisha ndipo kuta hujengwa kuufuata, na mlango uliokwisha kusimamishwa haukuangushwa tena, na mwenye kuuangusha hakupewa mke katika mji ule wala hakualikwa karamuni.

Sasa huyu Mwana Raya alipokuwa na umri wa miaka minane alishikwa na homa kali, akaugua siku arubaini, na alipopona macho yake yalibaki wazi na mazuri ya kutazamwa, lakini kutazama kwenyewe kulikuwa kumeharibika. Hakuwa kipofu wala hakuwa mwenye kuona, na tangu siku ile alishikwa mkono na wajakazi wawili, mmoja kuume na mmoja kushoto, akipelekwa chakulani na kurudishwa, akipelekwa bustanini na kurudishwa, hata akatimiza miaka ishirini na mitatu, na mikono ya watu imemchosha kupita maradhi yenyewe.

Wachumba walipoanza kuja, alikwenda mbele ya baba yake akasema, "Ewe baba yangu na sultani wangu, Mungu akuzidishie umri. Sitaki nyumba ya kupelekwa. Nijengee nyumba katika Mtaa wa Chokaa, wala usiniambie kiwanja kiko wapi, kwani nyumba yangu nataka niijue, sitaki niikariri. Nami nitatembea peke yangu toka mwanzo wa mtaa, bila kushikwa mkono, mpaka mlangoni pangu. Nikifika, nitaolewa na fundi aliyeutengeneza mlango huo, awe nani awe. Nisipofika, niozeshe utakako."

Sultani akafikiri siku tatu, na akakubali, lakini akaweka masharti yake, kwani hakupenda mzaha katika mambo ya binti yake. Akasema mafundi watakaojaribu watakuwa kumi tu, si zaidi, na fundi atakayeshindwa atatoa zana zake zote, patasi na nyundo na msumeno, ziwekwe katika ghala la sultani, wala asichonge tena maisha yake. Na wa kumi akishindwa, Mwana Raya ataozwa mfalme wa Barazangi, mzee mwenye wake wanane, ambaye alikuwa ameleta barua kusema kwamba mke asiyeona ni bora kwake, kwa sababu hatatoka nje.

Wakaja mafundi wakubwa. Wa kwanza alipaka mlango wake dhahabu yote, na Mwana Raya akaupita kama anavyopita mtu mbele ya mlango wa jirani asiyemsalimu. Wa pili akaupaka nyekundu na kijani na rangi ya manjano, na ukawa mlango wa kutia mtu kizunguzungu, naye akaupita vilevile. Wa tatu alikuwa na akili kidogo, akauchonga mlango wake uwe na miparuzo ya kila namna, upande mmoja laini na upande mwingine wa kukwaruza kama gome la mti, akisema binti ataujua kwa mkono, lakini ili kuufikia huo ilimbidi Mwana Raya apapase milango ya watu kwanza, na akaingia nyumbani kwa kadhi, naye kadhi amekaa na shuka tu anakula embe. Basi mambo yakawa hayo hayo hata fundi wa tisa, na kwa kuwa mlango uliosimama hauangushwi, kila mlango ulioshindwa ulibaki palepale na kiwanja chake akapewa mtu mwingine, na mtaa ukajaa milango. Na wale mafundi tisa wakawa wanauza maji na kubeba mizigo, na ukikutana nao njiani hujui uweke wapi uso wako.

Kikabaki kiwanja kimoja, katikati ya mtaa, mbele yake pana upana wa mlango na fremu yake tu baina ya kuta za majirani, kimeelekea kaskazini mahali pasipopata jua, na ikabaki nafasi ya fundi mmoja.

Na katika mji ule alikuwapo mchongaji aitwaye Haidari bin Ngwali, mtu wa miaka thelathini na kitu, hodari wa mikono na maskini wa kutupwa, na umaskini wake ulitokana na mdomo wake, maana mteja akimwambia nichongee hivi, yeye humwambia hivyo havipendezi, na mteja akimwuliza kwa nini havipendezi, yeye hukasirika na kusema, "Huna macho?" Mimi nimekutana na watu wa namna hiyo wengi, tena si wachongaji tu. Huyu Haidari hakuwa na mke wala mtoto wala shamba, alikuwa na zana zake, na mkono wake ukikosa patasi siku mbili ulikuwa unamwuma. Lakini aliposikia habari ya mfalme wa Barazangi na barua yake alikasirika, akaenda akajiandikisha, na waliomjua wakamlilia kana kwamba amekufa.

Akapewa mbao za msaji kutoka hazina ya sultani, nene kama ukuta, akazilaza uani kwake. Akatafuta uzi wake wa kupigia mistari, ule uzi ambao fundi huupaka masizi, huuvuta kwa ncha mbili juu ya ubao, huubana kwa kidole kisha huuachia, nao huacha alama iliyonyooka. Akakuta panya wameutafuna. Basi akakumbuka uzi wa babu yake uliokuwa ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa nta, ambao babu alimkataza kuugusa, na kwa kuwa hakuwa na mwingine, akaibandua nta, akautoa, akaupaka masizi, akauvuta juu ya ubao, akauachia. Uzi ukalia, na masizi yakapanda juu kama moshi wa jiko, na ndani ya masizi likatoka jini refu, jeusi, lenye ndevu zilizofungwa fundo, likakaa juu ya gogo na kupiga miayo.

Jini likasema, "Labeka, ewe mwenye uzi. Mimi ni Dahmari, na nitafanya utakachosema."

Haidari akajikaza, akasema, "Nani amekufunga humu?"

"Fundi wa zamani," jini likajibu. "Nilipita nikaiona kazi yake, nikacheka nikasema haipendezi. Akaniuliza, nini kisichopendeza? Nikashindwa kujibu. Akaniapiza nimtumikie kila mwenye uzi huu, nifanye alichokisema na si alichokidhani, na nisifunguliwe mpaka nipewe amri isiyonilazimu kuuliza swali hata moja. Sasa ni miaka mia nne nauliza maswali, nami nimechoka."

Haidari akafurahi mno, akasema moyoni mwake, nimeoa binti wa sultani. Akasimama na kusema kwa sauti kubwa, "Nifanyie mlango mzuri kuliko milango yote ya dunia!"

Jini halikuinuka. Likasema, "Huo uzuri uko wapi, nipate kuushika?"

"Mlango wa kupendeza. Wa fahari."

"Bwana wangu, hayo ni maneno ya mtu anayeshukuru chakula. Nipe kitu cha kufanya."

Haidari akaona hasira, akasema, "Huna macho?" na jini likamtazama bila kujibu, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Haidari akaona aibu kwa neno lile. Akakaa chini. Akasema, "Basi piga mstari."

"Uanzie wapi? Uishie wapi? Uwe mnene au mwembamba? Umesimama, umelala, au umeinama?"

Haidari akasema uiname, na jini likapiga mstari ulioinama, na ubao wote ukaonekana kama unataka kuanguka. Akasema ulale, ukalala, na ubao ukawa umepumzika, hauna haja na mtu. Akasema usimame, na ule uliosimama ulionekana kama askari kwenye zamu yake. Haidari akashangaa, kwa sababu alikuwa amepiga mistari hiyo miaka ishirini bila kuiuliza inafanya nini. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, na kazi yote waliyokuwa nayo ni mistari mitatu.

Kisha Haidari akasema, "Uchukue mstari huu, uuzungushe, uurudishe ulipoanzia." Jini likafanya, na pale palipokuwa na mstari pakawa na umbo, duara kama sahani.

Jini likauliza, "Sasa pana ndani na pana nje. Nichonge ndani au nichonge nje?"

"Ndani, bila shaka. Nje hamna kitu."

"Hamna kitu ni nini? Nakiona hapa, kina ukubwa wake na pembe zake. Nikifanyeje?"

Na hapo ndipo Haidari alipokosea, na kosa lenyewe ni la wachongaji hasa, maana mchongaji akiona mahali patupu huona uvivu wake mwenyewe. Akasema, "Jaza! Jaza kote! Weka mayungiyungi na mawaridi na minyororo na samaki, usiache hata pa kuweka kidole." Akakaa siku tano akijibu maswali ya jini, ua hili lina majani mangapi, mnyororo huu una pete ngapi, na jini likachonga, na siku ya sita mlango ukawa tayari umelala uani, na jua la alasiri linaupiga kwa ubavu, na kila ua lina kivuli chake na kila samaki ana magamba yake. Haidari akautazama akalia kwa furaha, maana hajapata kuona kazi kama ile.

Siku ya Alhamisi asubuhi wakaubeba watu ishirini wakausimamisha katika kiwanja, ukasomewa dua na kufukiziwa ubani, na watu wakausogelea karibu wakausifu. Jaribio lilikuwa siku ya pili yake, Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Watu walipotawanyika Haidari akarudi mpaka mwanzo wa mtaa ili autazame kwa mbali na kuifurahisha nafsi yake, akageuka, akatazama. Hakuona ua wala samaki. Aliona ubao mweusi kwenye ukuta mweupe, sawasawa na ubao wa jirani yake wa kuume na wa kushoto, milango arubaini yote dugu moja.

Akaenda mbio mpaka pale, akapapasa, na nakshi ilikuwapo yote. Akarudi nyuma hatua thelathini, haipo. Na hapo akafahamu jambo ambalo wachongaji wote wa Marijani hawakulifahamu, kwamba wao huchonga mlango ukiwa umelala uani juani, na kumbe mlango maisha yake yote husimama, tena kivulini, na nakshi aliyoipenda haikuwa mbao hata kidogo, ilikuwa vivuli vilivyoletwa na jua la ubavuni, na hapa jua la ubavuni halipo. Akaketi chini katika vumbi akashika kichwa, na aliwaza zana zake na akawaza barua ya mfalme wa Barazangi, asijue lipi linamwuma zaidi.

Lakini kukaa chini hakujasaidia mtu, na yeye akainuka akaenda mpaka kasri ya sultani, akaomba kusema na Mwana Raya. Walinzi wakamcheka. Akaitwa somo wa binti, mwanamke mtu mzima aitwaye Bi Mwanate, ambaye ndiye aliyemfunda na kumlea, naye akatoka akamtazama Haidari toka juu hadi chini.

"Unataka nini na mwanangu, fundi?"

"Shikamoo, bibi. Nataka kumwuliza anaona nini."

Bi Mwanate akasema, "Tisa wamekuja, na wote walikuja kuuliza mahari." Akamwingiza, akamkalisha nyuma ya pazia, na yeye mwenyewe akakaa katikati awe shahidi kwamba fundi hatasema kiwanja kilipo wala mlango ulivyo.

Mwana Raya akasema nyuma ya pazia, "Karibu, fundi. Wewe ni wa kumi, na wa kwanza kuniuliza. Nilidhani ninyi mafundi mnazaliwa mkijua."

"Nisamehe, Mwana. Nami nilidhani hivyo. Niambie, dhahabu unaionaje?"

"Kijivu."

"Na nyekundu?"

"Kijivu. Yule wa pili aliponiambia baadaye kwamba ameweka nyekundu kando ya kijani, nilitaka kumpa pole. Kwangu ni kitambaa kimoja kilichofuliwa sana."

"Basi unaona nini?"

"Naona kweupe na kweusi, na mpaka wake umetawanyika, kama maziwa yaliyomwagika juu ya kaniki. Mtu akija kwangu namwona ni weusi uliosimama, na nikiona weusi mfupi najua ni mbuzi. Vitu vidogo sivioni kabisa. Vitu vidogo ni vya mkono, fundi, mkono wangu unaona kuliko macho yako."

"Na mtaa unauonaje?"

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa na uchungu. "Ukuta mweupe wenye madoa meusi. Doa, doa, doa. Kila doa ni mlango wa mtu, na ninyi kila mnapotaka kunisaidia mnaniongezea doa lingine."

Haidari akasema, "Mwana, nimekusikia," akaaga akaondoka, na hakusema neno zaidi kwa sababu shahidi alikuwa amekaa.

Siku ya Ijumaa, alfajiri ilipokwisha kuwa nyeupe, Haidari alisimama katika kiwanja mbele ya mlango wake mkubwa, akatazama yale mayungiyungi na samaki, kana kwamba anawaaga. Alitembea mpaka mwanzo wa mtaa akarudi, akafumba macho nusu ili aone kama anavyoona Mwana Raya, akapima kwa shibiri, akapima kwa hatua. Kisha akautoa uzi, akaupaka masizi, akauvuta na kuuachia, na Dahmari akatoka, akakaa juu ya kizingiti, tayari kuuliza.

Haidari akasema, na alisema polepole, "Dahmari, mlango huu usiangushwe, ufanyie kazi ukiwa umesimama hapo ulipo. Futa nakshi yote, usawazishe uso wa mbao uwe laini kama ukuta uliopakwa chokaa, kisha uupake chokaa ileile ya ukuta, mbao na fremu na vizingiti, mpaka mtu akiwa mwanzo wa mtaa asijue ukuta umeishia wapi na mlango umeanzia wapi. Sehemu hiyo yote iache tupu. Utupu huo ni kazi, si mabaki. Kisha katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kata mfereji mmoja uliosimama, ulionyooka, toka kizingiti cha juu mpaka cha chini, upana wake shibiri moja na nusu, kina chake shibiri mbili, na ndani yake upake masizi makavu yasiyo na mafuta, yasing'ae. Weusi wake utoke katika kina, ili asubuhi na jioni, jua liwepo lisiwepo, uwe mweusi uleule. Na katika ukingo wa kuume wa mfereji huo, mahali unapofika mkono wa mwanamke aliyesimama, chonga waridi moja la petali sita, ukubwa wa kiganja, kina cha wanda mmoja, upana wa kidole. Hilo si la macho. Basi."

Dahmari akafungua kinywa. Akakifunga. Akautazama mlango, akamtazama Haidari, akaanza kuhesabu kwa vidole vyake virefu, wapi, kiasi gani, cheusi kwa nini, kitupu kwa nini, na vidole vikamwishia.

Akasema kwa sauti ndogo, "Sina swali."

Na machozi yakamtoka jini yule yakachuruzika katika ndevu zake, akainuka akaifanya kazi ile kwa kitambo cha mtu kunywa kikombe cha kahawa, na alipomaliza, uzi mkononi mwa Haidari ukakatika vipande vipande wenyewe. Dahmari akambusu bega, akasema, "Nilimwambia yule fundi kazi yake haipendezi. Sasa najua ni nini kilichoniudhi: alikuwa ameweka mistari miwili iliyolala mahali palipotaka mmoja. Natamani angekuwa hai nimwambie." Akaenda zake, wala hakuonekana tena katika mji wa Marijani.

Baada ya alasiri sultani akaja na mawaziri wake na watu wote wa mji wakajipanga pande mbili, na walipouona mlango wakapigwa na butwaa, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waziri Mundhiri akasema, "Maulana, fundi huyu ameiba mbao za hazina na kutupatia ukuta wenye ufa." Na sultani uso ukamwiva, akamwita Haidari akamwuliza, "Ewe mwana wa Ngwali, nakshi iko wapi?"

Haidari akainama akasema, "Maulana, Mungu akuhifadhi, mlango huu sikukutengenezea wewe. Akishindwa, zana zangu hizi hapa." Na kweli alikuwa amezileta ndani ya kikapu, akakiweka miguuni pa sultani.

Mwana Raya akaletwa mwanzo wa mtaa, na wale wajakazi wawili wakamwachia, mmoja kuume na mmoja kushoto. Akasimama kitambo, akageuza uso huku na huku, akaanza kwenda. Akapita mlango wa kwanza na wa pili bila kuupapasa. Akaupita ule wa dhahabu. Mbele ya nyumba ya kadhi akapunguza mwendo, na kadhi, ambaye safari hii alikuwa amevaa nguo zake zote, akarudi nyuma hatua moja, na watu wakabana pumzi. Akaipita. Akafika penye doa la kumi na tano, akasimama kabisa. Haidari akafumba macho, hakuweza kutazama.

Mwana Raya alikuwa ameinua uso. Mbele yake, baada ya madoa yote yale, palikuwa na weupe mrefu usiokatika, na katikati ya weupe ule palisimama kitu kimoja cheusi, chembamba, kimenyooka, kama mtu aliyetoka nje kumngojea. Akasema kwa sauti ambayo hata walio mbali waliisikia, "Nani yule?" Na hakuna aliyemjibu, kwa kuwa ilikuwa imekatazwa. Basi akaenda kumtazama mwenyewe, na mwendo wake ukaongezeka, na hatua kumi za mwisho alikimbia, binti wa sultani, ushungi umemwangukia begani, na watu wakapiga kelele wakidhani atajigonga, lakini aliinua mkono mbele yake na mkono ukafika ukingoni mwa mfereji, upande wa kuume, ukakuta waridi.

Akalipapasa petali moja moja, zote sita. Kisha akaweka paji la uso wake kwenye mbao akalia.

Sultani Ghalibu akaja nyuma yake, naye analia waziwazi mbele ya raia, akasema, "Mwanangu, umefika. Je, mlango ni mzuri?"

Mwana Raya akasema, "Baba, nimefika peke yangu, wewe waniuliza uzuri?" Akausukuma mlango akapita, akaingia katika kiwanja kitupu ambacho kuta zake zilikuwa bado kujengwa, akageuka, akasema, "Karibuni kwangu," na wakaingia.

Basi sultani akatimiza neno lake, na harusi ikafanywa siku saba, watu wakala na kunywa na wakavikwa nguo, na mfalme wa Barazangi akaandikiwa barua fupi. Haidari akaambiwa aombe atakacho, na yeye akaomba ghala lifunguliwe, na mafundi tisa wakarudishiwa patasi zao na nyundo zao na misumeno yao, na sultani akampa na yeye mbao na viwanja na ukuu wa mafundi wote wa mji, akawa tajiri. Na kuanzia siku ile sheria ya mafundi wa Marijani ikawa kwamba fundi hachongi mlango kabla hajausimamisha mahali pake, na hausimamishi kabla hajamwuliza mwenye nyumba anaona nini.

Na mafunzo ya hekaya hii, kwa anayeyataka, ni haya: mstari na umbo na rangi, na weusi na weupe, na ulaini na ukwaruzo, na nafasi iliyoachwa tupu, vyote ni watumishi, na mtumishi hakufai kitu mpaka ujue unamtuma kwa nani. Wanaosema kitu ni kizuri na kunyamaza hapo, mimi huwaacha waendelee kunyamaza. Na Mwana Raya na mumewe walikaa katika nyumba ile miaka mingi, na katika miaka yote hiyo, kila Mwana Raya aliporudi nyumbani kutoka mjini, akiwa na mumewe au na wajakazi wake, alikuwa anatembea mbele.